Mkalimani Hujifunza Kungoja

Zoezi la kwanza ni kunyamaza. Mwalimu anasoma ushahidi wa kubuni kwa Ekegusii, lugha ya Wagusii, polepole, na mwanafunzi haruhusiwi kufungua mdomo mpaka sentensi iishe. Ushahidi ni wa ng'ombe walioibwa usiku, na idadi yao ni "isano na ibere". Ekegusii huhesabu sita, saba na nane kwa kuongeza juu ya tano: isano na rimo, isano na ibere, isano na isato. Kenda ndiyo yenye jina lake, kianda. Anayekimbilia kufasiri atasema "watano" mara tu asikiapo "isano", na shahidi akimalizia "na ibere", ng'ombe wawili tayari wamekosekana katika kumbukumbu za korti. Kila Mgusii anajua kuhesabu hivi tangu utotoni. Kungoja mpaka hesabu iishe, mbele ya hakimu aliyekwisha kuinua kalamu, ni jambo la kujifunza, na mwalimu huyu huanzia hapo.

Ni karani wa mahakama mstaafu. Amefasiri katika korti za Kisii, Ogembo, Keroka na Nyamira, na sasa anaishi nje kidogo ya Keroka, kwenye shamba dogo la chai na migomba. Mwanafunzi wake ni msichana anayejiandaa kwa mahojiano ya kazi hiyo hiyo ya ukarani, na anatarajia kwamba jopo litamtaka afasiri papo hapo. Humwita mzee Tata, kama Wagusii wanavyomheshimu mwanamume wa rika la baba zao, naye mzee humwita mwanangu. Waliniruhusu kukaa pembeni nitazame, mradi majina yao nisiyaandike.

Katika korti nyingi za Kenya, anayefasiri ni karani wa mahakama mwenyewe, yule yule anayeita kesi, kupanga mafaili na kuwaapisha mashahidi. Sheria imemtwika mzigo mkubwa kuliko cheo chake. Kifungu cha 50(2)(m) cha Katiba ya 2010 kinampa mshtakiwa haki ya kusaidiwa na mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha inayotumiwa katika kesi. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, sehemu ya 198, inasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Ushahidi uliotolewa kwa lugha asiyoielewa mshtakiwa sharti ufasiriwe kortini, waziwazi, kwa lugha anayoielewa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Wengi wao wana Kiswahili cha sokoni. Lakini Kiswahili cha kununulia ndizi pale Daraja Mbili hakimtoshi mtu kujitetea asifungwe.

Kabla ya kukaa mezani kwa mzee, msichana alitumwa akakae kwenye benchi la nyuma kortini. Kesi nyingi husikilizwa hadharani, na yeyote anaweza kuingia, akaketi, akasikiliza. Agizo lilikuwa moja: asifuate kisa. Kisa humvuta msikilizaji akataka kujua nani alimpiga nani, na maneno yakampita. Alitakiwa kusikiliza maneno yanayojirudia kila asubuhi, kesi baada ya kesi, na kuyaandika katika daftari lenye safu tatu: Kiingereza, Kiswahili na Ekegusii. Nimelipitia daftari hilo ukurasa kwa ukurasa. Limeandikwa kwa kalamu ya risasi, na safu ya tatu imefutwa na kuandikwa upya mara nyingi, hata karatasi imekwanguka.

Safu hiyo ndiyo yenye kazi. Chukua kesi ya kutajwa na kesi ya kusikilizwa. Siku ya kutajwa, korti hutaka tu kujua mambo yamefikia wapi; mashahidi hawahitajiki. Mwanakijiji asiyefafanuliwa tofauti hiyo atawalipia mashahidi wake nauli kutoka Nyamache hadi Kisii mjini, wakae kutwa nzima, warudi bila kuulizwa neno. Au chukua "una kesi ya kujibu". Kwa mwanasheria, maneno hayo yana maana kwamba upande wa mashtaka umeleta ushahidi wa kutosha kumtaka mshtakiwa ajitetee. Kwa mtu aliyesimama kizimbani akitetemeka, yanasikika kama hukumu. Si kazi ya mkalimani kutoa somo la sheria; hakimu ndiye atakayemweleza mshtakiwa haki zake. Kazi ya mkalimani ni kuchagua maneno ya Ekegusii yasiyomtia mtu hatiani kabla ya hakimu. Katika daftari, msichana alikuwa ameandika tafsiri nne za maneno hayo na kuzikata tatu.

Mzee ana vitabu vichache, na anavitunza. Ipo kamusi ya Ekegusii ya Kennedy Bosire na Gladys Machogu, iliyotoka 2013. Zipo pia kurasa zilizonakiliwa za W. H. Whiteley, aliyeandika juu ya sarufi ya Ekegusii mwaka 1956, na mwaka 1960 akashughulikia nyakati za vitenzi peke yake. Nyakati hizo zinastahili kitabu. Kitenzi cha Ekegusii humwambia msikilizaji kama jambo lilitendeka leo, juzi juzi tu au zamani, pale ambapo Kiswahili kinatosheka na "-li-" moja. Shahidi akitumia umbo la zamani, na mkalimani akasema tu "alinitisha", umbali wa tukio umepotea, na wakili atatumia nusu saa kuutafuta. Mzee humtaka mwanafunzi asikilize mwisho wa kitenzi sawasawa na mwanzo wake, na akiona wakati umetajwa, autoe kwa maneno.

Kisha kumbukumbu. Siku za mwanzo hakuna kufasiri kabisa: Ekegusii huingia na Ekegusii hutoka. Mzee anasema sentensi fupi, mwanafunzi anairudia. Sentensi inarefuka, kisha zinakuwa mbili, kisha kipande kizima cha ushahidi chenye mpaka wa shamba, mti uliokatwa, shemeji aliyekuja na panga na mtoto aliyetumwa kumwita mzee wa kijiji. Msichana hufumba macho. Aliniambia hakariri maneno; anajiwekea watu na vitu mahali pake, mti huku, shemeji kule, kisha anatembea kati yao akisimulia. Akisahau, mzee hamkumbushi. Anasoma upya tangu mwanzo, kwa sauti ile ile na mwendo ule ule, bila dalili ya kuchoka. Nilimwona akisoma kipande kimoja mpaka kivuli cha mlango kikahama upande wa pili wa sakafu.

Kumbukumbu ikishakomaa ndipo huja karatasi. Wanatumia kijitabu kidogo kinachofunguliwa kwenda juu, kila ukurasa umepigwa mstari wa kusimama katikati. Haziandikwi sentensi. Yanaandikwa yale ambayo kichwa hakiaminiki kuyabeba: majina, namba, tarehe, mahali, saa. Mshale ni mwendo wa mtu kwenda au kutoka. Msalaba ni kukana. Saa huandikwa tayari kwa hesabu ya Kiingereza, kwa sababu shahidi wa Kigusii, kama Mswahili, huhesabu saa kutoka mapambazuko na machweo; saa tatu ya usiku ni saa 9 kwa hakimu anayeandika Kiingereza, na saa ikiachwa bila kugeuzwa, mtu anaweza kuhusishwa na wizi uliotokea alipokuwa amelala kwake. Neno "lakini" lina alama yake ya pekee, duara lililokolezwa. Niliuliza kwa nini neno dogo hivyo lipewe alama kubwa kuliko zote. Mzee akasema nisubiri mpaka wafike kwenye shtaka.

Walifika. Shtaka la mazoezi lilikuwa la kumpiga mtu na kumuumiza mwili, kinyume cha sehemu ya 251 ya Kanuni ya Adhabu, kosa ambalo kifungo chake ni hadi miaka 5. Karatasi iko kwa Kiingereza. Mtahiniwa anapaswa kuitazama na kuisoma kwa Ekegusii bila kusita, kama mtu anayesoma alichokiandika mwenyewe. Msichana aliishika kwa mikono miwili. Kwanza aliipitisha macho yote hadi chini, kimya, kwa sababu vitenzi vya Kiingereza cha mashtaka hujificha mbali na wenyewe. Kisha akaanza: siku, mahali, jina la mshtakiwa, kitendo, jina la aliyeumizwa, jeraha. Ilikuwa sauti ya kupendeza, ya wastani, na mzee alikuwa ameinamisha kichwa. Alipomaliza, mzee aliweka kidole juu ya neno moja katika karatasi. Lilikuwa neno linalosema kwamba kipigo kilitolewa isivyo halali. Msichana alikuwa ameliruka.

Kwa msikilizaji wa kawaida halikupungua kitu; kumpiga mtu ni kumpiga mtu. Kisheria limepungua shtaka zima. Mshtakiwa aliyesomewa "ulimpiga fulani ukamuumiza" atajibu kwamba ni kweli, hata kama alikuwa akijikinga. Akisomewa "ulimpiga isivyo halali", huenda akasema: "Ni kweli nilimpiga, lakini yeye ndiye aliyenijia na rungu." Katika kesi ya Adan ya mwaka 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao korti za Kenya zinaufuata hadi leo: shtaka lisomwe na kuelezwa na viungo vyake vyote kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kadiri iwezekanavyo; akikiri, upande wa mashtaka ueleze mambo yalivyotokea, naye apewe nafasi ya kuyakubali, kuyakataa au kuongeza lake. Akiongeza jambo linaloonyesha kwamba hana kosa, kukiri kwake kunafutwa na kesi inasikilizwa. Sasa fikiria mkalimani aliyechoka, saa sita unusu, kesi zikiwa bado nyingi mezani, akasikia jibu hilo refu na kusema: "Anakubali, Mheshimiwa." Hakudanganya. Aliacha "lakini" tu, na mtu akaenda gerezani nayo. Hapo nikaelewa duara lile.

Walirudia shtaka hilo mara nyingi. Mzee hakuridhika kwa sababu neno sasa limesemwa. Alitaka lisemwe kwa uzito wake. Likitamkwa haraka ni sawa na kutosemwa, na likikazwa mno linakuwa ushauri kwa mshtakiwa. Msichana alilijaribu kwa namna mbalimbali, mwanzo wa sentensi, katikati, mwishoni, mpaka likakaa mahali ambapo sikio hulipokea bila kushtuka. Sijaona fundi wa jiwe la sabuni wa Tabaka akisugua kisahani kwa uvumilivu zaidi ya huo.

Baada ya shtaka huja nafsi. Mkalimani husema "mimi" anapomfasiri shahidi. Hasemi "anasema kwamba alimwona", anasema "nilimwona". Ni jambo gumu kwa aliyelelewa vizuri. Msichana alikuwa akisema kwa niaba ya mwizi, kisha ya mjane, kisha ya askari, na kila mara ulimi wake ulitaka kujitenga na maneno ya mwizi kwa kuongeza "eti". Mzee alikuwa akiinua kidole kila "eti" ilipotoka. Hakusema neno. Ilikoma.

Yapo pia maneno ambayo jamii jirani huyasikia kinyume. Katika Ekegusii, "baba" ni mama, na baba ni "tata". "Yaya" ni hapana. Mgusii hawezi kukosea hapo akiwa ametulia. Hukosea akiwa amefasiri kwa saa tatu mfululizo kutoka Kiswahili, ambamo "baba" ni baba. Mzee huingiza neno hilo kwa makusudi mwishoni mwa kipindi, msichana akiwa amechoka. Vilevile huuliza maswali ya kukanusha. "Hukumwona mshtakiwa siku hiyo?" Shahidi wa Kigusii anajibu "Ee", maana yake ndivyo, sikumwona. Jibu hilo likifika kwenye Kiingereza cha hakimu kama "ndiyo" tupu, linageuka kuwa amemwona. Dawa yake ni kungoja: shahidi akimalizia jibu, mkalimani analitoa zima; asipomalizia, mkalimani anaomba ruhusa ya korti aulizwe tena. Hajazi pengo kwa kukisia.

Sehemu iliyonigusa zaidi ilikuwa ya makosa ya kingono. Wagusii wana "chinsoni", heshima na haya inayotawala maneno na mwenendo kati ya vizazi, na zaidi ya yote kati ya mtoto na mzazi wake. Msichana wa shule anayetoa ushahidi huku babake mdogo ameketi karibu hatataja viungo vya mwili kwa majina yake. Atazunguka. Mkalimani akiyataja yeye, ameongeza ushahidi. Akilainisha zaidi ya alivyolainisha mtoto, amepunguza. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilieleza kwamba watoto husema kwa tafsida, mathalani "alinifanyia tabia mbaya", na kwamba korti za nchi huzikubali tafsida hizo. Basi tafsida ya Ekegusii ifasiriwe kwa tafsida ya Kiswahili yenye uzito huo huo, na mwendesha mashtaka aulize zaidi akitaka. Na kinyume chake: shahidi akilitaja neno lenyewe, mkalimani alitaje neno lenyewe, mbele ya wazee, bila kushusha macho. Mzee alimtaka msichana ayaseme majina hayo kwa sauti, peke yake, uso ukiutazama ukuta, naye mzee akatoka nje akaketi barazani mpaka alipoitwa. Sikuwahi kuona heshima na kazi zikipewa kila moja haki yake namna hiyo.

Jioni ni zamu ya redio. Egesa FM au Minto FM inafunguliwa, na mwanafunzi anafuata taarifa ya habari kwa kunong'ona Kiswahili, maneno machache nyuma ya mtangazaji. Ndivyo atakavyomnong'oneza mshtakiwa wakati wakili na hakimu wanabishana, kwa sababu hawatamsubiri. Hapa kungoja ni kwa nusu pumzi: akisogea karibu mno atakamata maneno bila maana, akibaki nyuma mno ataangusha kipande kizima. Marekani, ambako Wagusii ni wengi, hasa Minnesota, mtihani wa mdomo wa mahakama za majimbo mengi una vipengele vitatu: kufasiri waraka kwa kuutazama, kufasiri kwa zamu, na kufasiri sambamba na msemaji kwa mwendo wa maneno 120 kwa dakika. Mzee aliambiwa habari hiyo na jamaa yake wa huko, akatafuta saa ya mkononi, akaanza kuhesabu maneno ya mtangazaji. Wakati mwingine watangazaji wetu huenda kasi kuliko hiyo.

Jambo la mwisho analofundisha ni kukiri kosa. Mkalimani aliyegundua kwamba amekosea husimama hapo hapo: "Mheshimiwa, naomba kusahihisha nilichofasiri." Wagusii wanakijua kiapo, "emuma", na wazee waliamini kwamba anayeapa uongo huwaletea balaa hata watoto wake. Mzee hakuleta vitisho hivyo mezani. Alimwambia tu: "Mwanangu, hakimu hajui Ekegusii. Mshtakiwa hajui Kiingereza. Aliyejua kwamba umekosea ni wewe peke yako." Kisha wakafanya mazoezi ya sentensi hiyo ya kusahihisha kama walivyofanya mazoezi ya shtaka, mpaka ikatoka bila kigugumizi.

Nilikuwepo walipofanya mahojiano ya majaribio, meza imesogezwa katikati ya chumba, mzee amevaa koti na tai. Alimpa shtaka jipya, ushahidi wa mpaka wa shamba na jibu refu la mshtakiwa lenye "lakini" mbili. Zote mbili zilifika. Katikati msichana aliomba kusahihisha tarehe, akaisahihisha, akaendelea. Mzee alivua miwani akasema yuko tayari, na mimi niliyetazama kazi hiyo kwa karibu nakubaliana naye.

Mafunzo haya mzee huyatoa bila kulipwa, nyumbani kwake, kwa vijana wachache wanaomjua. Korti za Kisii na Nyamira zinahitaji wengi zaidi walioandaliwa hivi, na Tume ya Huduma za Mahakama ingefanya vyema kuwatafuta makarani wastaafu kama yeye na kuwalipa wafundishe, wangali hai. Nawe msomaji, ukifikishwa kizimbani popote nchini, taja lugha unayoielewa vizuri kabla shtaka halijaanza kusomwa, na neno likikupita omba lirudiwe. Ni haki yako, na hulipi chochote.